Fimbo Imshikayo Mfalme

Syldavia haimo katika ramani yoyote ya Ulaya. Walakini ina wafalme wanaojulikana kwa majina, ina vita vyenye tarehe, ina bendera ya manjano yenye mwari mweusi, na ina watu 642,000, ambao 122,000 kati yao wanakaa Klow, mji mkuu. Nchi hii huuza ng'ambo ngano, maji ya chemchemi, kuni, farasi na wapiga fidla. Habari hizi zote zimo katika kijitabu cha watalii anachokisoma Tintin, kijana mwandishi wa habari, akiwa safarini ndani ya ndege. Na msomaji hukisoma pamoja naye, kurasa tatu nzima, hali ya kuwa hadithi yenyewe imesimama ikingoja. Mchoraji aliyezoea kumkimbiza shujaa wake kutoka picha hadi picha alijua thamani ya kusimama pale. Bila ya kurasa hizo tatu, Le Sceptre d'Ottokar, yaani Fimbo ya Enzi ya Ottokar, ingekuwa hadithi ya wezi na polisi tu. Kwa kurasa hizo imekuwa hadithi ya dola na jinsi inavyotawaliwa.

Hergé, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Georges Remi (1907–1983), alianza kuitoa hadithi hii tarehe 4 Agosti 1938 katika Le Petit Vingtième, toleo la watoto la gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, akaimaliza tarehe 10 Agosti 1939. Kitabu kilitoka mwaka huo huo kikiwa cheusi na cheupe. Mwaka 1947 kikachorwa upya kwa rangi. Tarehe hizo zatosha kueleza kwa nini wasomaji wengi wameichukua Syldavia kuwa ni fumbo la Ulaya ya wakati ule: ufalme mdogo wa Balkani, jirani mkubwa mwenye uchu, Borduria, na kamati ya siri inayotaka kuutoa ufalme huo kwa jirani. Usomaji huo ni sahihi. Ila humfanya msomaji aharakishe kuwatafuta Hitler na Mussolini nyuma ya majina, na katika haraka hiyo huipita sheria ambayo hadithi nzima imefungwa kwayo kama ng'ombe kwa kamba.

Sheria yenyewe ni hii. Siku moja, kwa mujibu wa kijitabu, mkabaila mmoja anadai kiti cha Mfalme Ottokar wa Nne na kumwendea na upanga mkononi. Mfalme anakwepa, anampiga kichwani kwa fimbo yake ya enzi, na yule mtu anaanguka. Ndipo mfalme anapoigeukia fimbo na kuiambia maneno yaliyokuja kuwa katiba: mfalme atakayeipoteza hastahili tena kutawala. Tangu hapo, kila mwaka katika Siku ya Mtakatifu Vladimir, mfalme wa Syldavia hupita katika mitaa ya Klow akiishika fimbo ile, na watu humwimbia. Akijitokeza bila ya fimbo hana budi kuuacha ufalme.

Mtu mzima husoma haya akacheka. Ni kanuni ya mchezo wa watoto: aliyeangusha kijiti ametoka. Lakini tuipime fimbo hii kwa fimbo na pete nyingine zilizomo katika hadithi za watu. Pete ya Nabii Suleiman humpa mwenyewe amri juu ya majini. Fimbo ya Nabii Musa hupasua bahari. Fimbo ya Ottokar haipasui kitu. Tangu pigo lile haijampa mfalme yeyote nguvu asiyokuwa nayo. Kazi iliyobakia kwake ni moja, nayo ni kumwondoa. Katika nchi nzima ya Syldavia, kama Hergé alivyotuchorea, fimbo ndiyo kitu pekee kinachoweza kumwambia mfalme basi.

Na hapa ndipo penye uzito, kwa sababu kitu kingine hakuna. Msomaji anayetaka kujua Syldavia inatawaliwa vipi na afungue kitabu alitafute bunge: hatalikuta. Hakuna spika, hakuna uchaguzi, hakuna jaji anayemwambia mtawala jambo asilolipenda. Kuna Mfalme Muskar wa Kumi na Mbili, kijana mwenye masharubu na sare nadhifu. Kuna mawaziri wanaoleta taarifa na kuondoka. Kuna mpambe, Boris, ambaye ni haini. Kuna askari wa namna nyingi, baadhi yao wamekwisha nunuliwa. Mfalme mwenyewe ndiye anayeshika usukani wa gari kuelekea ngome ya Kropow, penye hazina, akiwa na kijana wa kigeni aliyekutana naye muda si mrefu; akifika anawakuta walinzi wamelala kwa moshi wa sumu na fimbo haipo. Mfalme wa kikatiba, kwa maana inayofahamika Ulaya tangu karne ya 19, ni mtu ambaye karibu kila afanyalo hulifanya kwa saini ya waziri. Muskar hungojea saini ya nani? Ukimwondolea fimbo, huyu ni mtawala anayeweza kufanya alitakalo, na wema wa nchi hutegemea wema wake tu. Ni bahati ya Wasyldavia kwamba ni mtu mwema.

Mtu aweza kusema kwamba kitabu cha watoto hakidaiwi bunge. Anthony Hope naye, alipoiumba Ruritania yake katika The Prisoner of Zenda mwaka 1894, hakujishughulisha nalo, na kitabu chake ni cha watu wazima. Lakini tofauti ya nchi hizi mbili za kubuni yafaa kutazamwa. Katika Ruritania mfalme anapewa kileo chenye dawa usiku wa kuamkia kutawazwa. Jamaa yake Mwingereza anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili anavikwa taji badala yake, na mji wa Strelsau hauna habari. Ufalme wa Ruritania umo katika sura ya mtu, na sura hughushiwa. Hergé ameuhamisha ulaghai huo kutoka kwa mfalme na kuupeleka kwa mtaalamu: profesa wa elimu ya mihuri, Halambique, aendaye Klow kuuchunguza mhuri wa Ottokar wa Nne, ndiye anayetekwa na kuwekewa pacha wake mahali pake. Mtu ambaye kazi yake ni kutambua kilicho cha kweli na kilicho cha kughushi ndiye anayeghushiwa. Ni kejeli safi, na Hergé anaipitisha bila ya kuikonyezea macho. Muskar hana pacha. Uhalali wake umo nje ya mwili wake, katika chuma na kito, na kwa hiyo waweza kuibiwa usiku mmoja bila ya yeye kuguswa hata unywele.

Wizi wenyewe wafanywa kwa kamera iliyotiwa springi ndani, ambayo huirusha fimbo kupitia nondo za dirisha hadi nje ya ngome. Tintin alitambua hilo baada ya kuona mzinga wa kuchezea watoto katika dirisha la duka. Ni werevu wa kupendeza, lakini si hapo penye ubora wa hadithi. Ubora uko katika nia ya wezi. Kamati ya siri, ambayo kiongozi wake, Müsstler, twamjua kwa jina lililoandikwa katika karatasi, haikusudii kumwua mfalme wala kuivunja katiba. Inakusudia kuitii. Itaichukua fimbo, siku ya Mtakatifu Vladimir itafika, mfalme atatoka mikono mitupu, sheria ya Ottokar itafanya kazi yake yenyewe. Majeshi ya Borduria yatavuka mpaka yakikuta kiti kitupu ambacho hakikupinduliwa na mtu.

Kwa mwaka 1938 uoni huu ni wa kustaajabisha, na ni hapa ambapo mafumbo ya majina yanakuwa na maana kubwa kuliko mchezo wa kutegua vitendawili. Oktoba 1922, waziri mkuu wa Italia, Luigi Facta, alimpelekea Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu amri ya kutangaza hali ya hatari ili kuwazuia Mafashisti waliokuwa wakielekea Roma. Mfalme, aliyekuwa mfalme wa kikatiba, alikataa kuitia saini, kisha akamwita Mussolini kuunda serikali. Januari 1933 Hitler aliitwa kwenye ukansela na rais wa jamhuri kwa utaratibu uliokuwa umeandikwa. Machi 1938, miezi mitano kabla ya picha ya kwanza ya hadithi hii, Austria ilimezwa na Ujerumani baada ya kansela wake kulazimishwa kujiuzulu na mtu wa Hitler kuteuliwa mahali pake. Aprili 1939, hadithi ikiwa bado inatoka kila wiki, Italia iliivamia Albania, Mfalme Zog akakimbia, na Victor Emmanuel yule yule akaipokea taji ya Albania juu ya ile aliyokuwa nayo. Hergé alikuwa amechora kwa watoto jambo ambalo wanasheria wa Ulaya walichelewa kulikubali: kwamba dola yaweza kuangushwa kwa vifungu vyake yenyewe, na mwangushaji akatoka na vitabu vya sheria chini ya kwapa.

Alichoshindwa kukichora ni dawa. Fimbo hurudishwa na mgeni, na hata huyo mgeni huiangusha njiani. Anayeifikisha mbele ya mfalme ni mbwa. Mfalme kwa upande wake anaonyesha uungwana wa hali ya juu: yuko tayari kuuacha ufalme kuliko kuona damu ya raia inamwagika. Lakini raia hao wanafanya nini? Wanajaa mitaani, wanangojea kuona. Wana jicho, wana koo la kuimbia, hawana kauli. Vijiji vyao vimechorwa kwa upendo, na katika picha ya kijiji cha Niedzdrow minara ya msikiti yaonekana kati ya mapaa. Ila katika hadithi nzima hakuna Msyldavia wa kijiji kile anayeulizwa lolote kuhusu nani amtawale. Hilo ndilo doa kubwa la kitabu hiki kizuri.

La ajabu ni kwamba aliyebuni ufalme wa fimbo aliishi katika ufalme usiokuwa nayo. Ubelgiji haina taji wala haimtawazi mfalme wake. Kwa katiba ya Februari 1831, mrithi hawi mfalme kwa kifo cha babake. Huwa mfalme pale anaposimama mbele ya mabaraza mawili ya bunge na kuapa kuilinda katiba na sheria za watu wa Ubelgiji. Kati ya kifo na kiapo, nchi haina mfalme. Leopold wa Kwanza aliapa hivyo tarehe 21 Julai 1831, na wote waliomfuata wakapita njia hiyo hiyo. Hata cheo chake chaeleza: ni Mfalme wa Wabelgiji, si mfalme wa Ubelgiji. Wala tendo lake lolote la utawala halina nguvu mpaka waziri atie saini pamoja naye na kulibeba jukumu lake.

Basi Brussels mfalme ameshikwa na neno, Klow ameshikwa na kitu. Wapenzi wa ushairi watavutwa na upande gani? Neno ni mali yao, lakini moyo wa mshairi hupenda kitu: fimbo yaonekana, yashikika, yang'aa juani, kiapo ni pumzi tu. Hergé, ambaye alikuwa mchoraji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, alichagua kitakachochorika. Hilo halina lawama. Lawama ingekuwa kuamini kwamba kwa sababu kitu huonekana basi ni madhubuti zaidi.

Neno nalo lilijaribiwa mapema. Tarehe 28 Mei 1940 Leopold wa Tatu alisalimu amri mbele ya Wajerumani akabaki nchini, ilhali mawaziri wake walikuwa wameondoka wakitaka vita viendelee. Alitenda bila ya saini yao. Wao wakatumia kifungu cha 82 cha katiba kutangaza kwamba mfalme, akiwa chini ya adui, hawezi kutawala. Vita vilikwisha, ugomvi haukwisha. Machi 1950 watu waliulizwa kama arudi, na asilimia 57.68 wakasema ndiyo. Lakini Waflemi walisema ndiyo kwa wingi na Wawaloni wengi walikataa, na aliporudi Julai ile migomo ikatanda, hata watu 4 wakafa kwa risasi za polisi huko Grâce-Berleur. Leopold akampisha mwanawe Baudouin, na tarehe 16 Julai 1951 akajiuzulu rasmi. Kaulimbiu ya Syldavia, kwa maana yake ya wazi, ni maneno ya mtu asemaye kwamba yupo hapa na hapa atabaki. Hergé aliyaandika kwa mzaha mwaka 1938. Miaka miwili baadaye mfalme wake mwenyewe aliyatenda, na yeye Hergé pia, ambaye chini ya utawala wa Wajerumani aliendelea kuchora katika gazeti la Le Soir, akaja kukamatwa na kuhojiwa baada ya ukombozi wa 1944.

Kifungu kile kile cha 82 kilirudi kutumika kwa namna ambayo hata Hergé angeona haya kuibuni. Mwaka 1990 bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu utoaji wa mimba. Baudouin, kwa dhamiri yake ya dini, akakataa kuitia saini. Mawaziri wakatangaza tarehe 4 Aprili kwamba mfalme hawezi kutawala, wakaitia saini sheria wao wenyewe, na kesho yake bunge likamrudisha kwenye kiti. Kwa muda usiozidi siku mbili ufalme ulikuwa hauna mfalme, na hakuna aliyepoteza hata kofia. Mtu aweza kuiita hila. Lakini ni hila iliyofanywa mchana, na watu wanaojulikana, katika ukumbi wenye kumbukumbu za maandishi. Linganisha na springi ndani ya kamera.

Wasomaji wa Kiswahili walioko Maniema, Kivu na Katanga watakuwa na lao la kuongeza juu ya kiapo cha Brussels, nao wana haki. Leopold wa Pili aliapa kama wengine, na mwaka 1885 aliomba ruhusa ya bunge ili awe mkuu wa dola ya pili, kama katiba ilivyomtaka. Ruhusa ilipotoka, akaitawala Kongo hadi 1908 bila ya bunge, bila ya katiba, bila ya waziri wa kumjibia mtu yeyote wa huko. Mtu mmoja, kiapo kimoja. Upande huu wa bahari kilimshika, upande ule hakikuwahi kufika. Hergé aliichora Kongo pia, mwaka 1930 na 1931, katika gazeti lile lile la watoto, na katika kitabu kile hakuna kijitabu cha kurasa tatu kinachowapa Wakongo wafalme wao na tarehe za vita vyao. Heshima hiyo aliwawekea Wasyldavia, watu wasiokuwapo.

Kuna jambo la lugha linalomhusu kila mfasiri. Kisyldavia, pamoja na herufi zake za Kisirili na konsonanti zilizorundikana kama kuni, si lugha ya Balkani hata kidogo. Chini ya vazi hilo ni Kimarolle, lahaja ya Kiflemi ya mitaa ya maskini ya Brussels, ambayo bibi yake Hergé aliizungumza. Mtoto wa Brussels aliyeisoma kaulimbiu ya wafalme kwa sauti alisikia jiko la nyumbani kwao likisema kutoka kinywani mwa Ottokar. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1958 waliiacha kama ilivyo, na mzaha ukafia hapo: kwa Mwingereza ni sauti ngeni tu. Mfasiri wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko wao. Kiswahili sanifu hakitamfaa, wala Kislavi cha kubuni. Akiyatwaa maneno ya Kitumbatu au Kimakunduchi, akayapachika herufi zisizo na kazi mpaka yakafanana na ya Ulaya Mashariki, msomaji wa Unguja atayatazama mara moja asiyajue, mara ya pili ayatamke, mara ya tatu aangue kicheko. Na yule mwari mweusi wa bendera atampa zawadi ambayo Kifaransa hakikuwa nayo, kwa kuwa mwari kwetu ni ndege na ni msichana aliyefundwa pia. Nishani ya Mwari wa Dhahabu, anayovishwa Tintin mwishoni, italeta tabasamu ambalo Hergé hakulikusudia. Mfasiri mwenye busara ataliacha lije.

Neno gumu ni la fimbo yenyewe. "Fimbo ya enzi" laeleweka, na wafasiri wa Biblia wamelizoesha. Lakini Pwani ina neno lake la kitu kinachobeba utawala, nalo ni siwa. Siwa za Pate na Lamu, ile ya pembe za ndovu na ile ya shaba, hazikupigwa ovyo. Ilipolia siwa, watu walijua ni jambo la wenye haki nayo. Habari za Pate zinamtaja Mwana Darini, aliyetiliwa njama ya kunyimwa siwa katika karamu ya kumtahiri mwanawe. Hakulia wala hakuiba. Alimwita fundi akachonga nyingine. Hapo Pate na Klow zinaachana njia: kwa Wasyldavia fimbo ni moja na ikipotea mfalme amekwisha, kwa Mwana Darini heshima iliyofungiwa ndani ya pembe moja iliweza kutolewa katika pembe nyingine, alimradi yupo fundi na wapo watu wa kuisikiliza. Ufalme wa Pate ulikufa. Siwa zimebaki katika kabati za vioo.

Na neno limesafiri. Katika Bunge la Tanzania, Dodoma, siwa ni ile rungu inayoingia ukumbini mbele ya Spika, desturi iliyotoka Westminster, ambako rungu la mfalme liliwekwa juu ya meza ya wabunge na Cromwell akaliondoa mwaka 1653 alipolifukuza bunge lenyewe. Visiwani kuna kumbukumbu nyingine: kuanzia tarehe 10 Desemba 1963 hadi tarehe 12 Januari 1964, siku 33, Zanzibar nayo ilikuwa dola huru yenye mfalme wa kikatiba, Sultani Jamshid bin Abdullah, yenye waziri mkuu, bunge na katiba iliyoandikwa. Maneno yote yalikuwapo. Kwa nini hayakushika, ni mjadala mrefu ambao hauwezi kumalizwa pembeni ya hadithi ya picha. Yatosha kwamba msomaji wa Unguja hataisoma Syldavia kama mtu ambaye jambo hilo halijapata kupita mlangoni kwake.

Hergé aliirudia Syldavia katika hadithi za safari ya mwezini alizozianza mwaka 1950. Safari hii nchi ina kituo cha nyuklia cha Sprodj kilichofichwa milimani, ina mainjinia, na ina askari kanzu kila kona. Mfalme hatajwi, kaondoka lini, kwa sheria gani, na fimbo iko kwa nani, msomaji haambiwi. Kijitabu cha watalii nacho hakimo. Mfasiri atakayeamua kuandika "siwa" mahali pa fimbo ya Ottokar ajiandae kwa swali la msomaji atakayelijua neno hilo kutoka Dodoma kabla ya kulijua kutoka Pate: siwa hii imeingia, Spika yuko wapi?